Kabla Uende Majuu Kumjengea Mathe, Muulize Kwanza

Inboksi yangu imejaa swali moja: uende ama ubaki? Mtu anapata mkataba wa Doha, Riyadh au Dubai, anaupiga picha, ananitumia. Wengine wanauliza Ujerumani, kwa sababu Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya kazi kule Berlin, Rais Ruto na Chansela Scholz wakiwepo, na kabla wino ukauke ikasambaa mtandaoni ati kuna nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikasema wazi kwamba hakuna nambari kama hiyo ndani ya makubaliano. Lakini wewe jaribu kumwambia hivyo msee ambaye ashaanza kusalimia makanga kwa Kijerumani.

Leo sijibu mkataba wa mtu. Leo ni wangu, juu na mimi niko nao kwa simu. Miaka miwili, Doha, kazi ya usafi hotelini, riyali 1,200 kwa mwezi, chakula na mahali pa kulala ni juu ya kampuni. Ajenti anataka jibu kufika Ijumaa. Nimeupeleka huu mkataba kwa watu wawili wiki hii, mmoja Kawangware na mwingine Kibera, na nilichotoka nacho sicho nilichoenda kutafuta.

Lakini kuna watu ambao hili swali la uende ama ubaki huwa linawafurahisha tu. Mathe ni mama fua. Nyumba mojawapo anayofua iko Lavington, mwendo mfupi wa miguu kutoka hapa Kawangware ninakoishi. Mwenyewe ni mzee Mwingereza aliyestaafu. Alimaliza kazi kwao, wakakaa chini na mkewe wakalinganisha nchi: hali ya hewa, hospitali, kodi, bei ya nyama, usalama, na kama mtu wa kupika na kufua atapatikana bila kuvunja benki. Kenya ikashinda. Siku moja akimwekea mathe chai akamuuliza, na roho safi kabisa, "Na wewe utastaafu wapi?" Mathe alicheka mpaka akashindwa kunywa. Jioni akatuhadithia, akacheka tena.

Mimi nikaenda kusoma. Kumbe Kenya iko na kibali cha kuishi kinaitwa Daraja K, cha watu kama huyo mzee. Masharti yake: uwe umefika miaka 35, uwe na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka kama pensheni au uwekezaji, na usifanye kazi ya mshahara hapa. Miaka 35! Mimi niko 24. Yaani mtu ananizidi miaka 11 tu, na kwa karatasi anaruhusiwa kuja kupumzika kwetu.

Nikapiga hesabu, tabia mbaya. Dola 24,000 ni kama shilingi milioni 3.1. Mathe anafua siku sita kwa wiki, nyumba sita, 800 kwa siku. Wiki ni 4,800. Mwaka mzima, kama hajaugua, kama hakuna maandamano, kama hakuna madam aliyesafiri bila kusema, ni karibu 250,000. Angefua zaidi ya miaka 12 bila kula ndipo afikishe mwaka mmoja wa huyo mzee. Sina beef na mzee, analipa kwa wakati. Nasema tu kwamba yeye alikaa mezani na mkewe wakachagua, na hilo neno "kuchagua" sijui kama liko kwa lugha ya nyumbani kwetu.

Kitu kingine ambacho shuleni hawakutuambia ni kwamba Kibera yenyewe ilianza kama mahali pa kustaafu. Niko serious. Waingereza walileta wanajeshi kutoka upande wa Sudan, wakawatumia kwa King's African Rifles, na kuanzia 1904 wakawa wanawakalisha kwa msitu uliokuwa nje ya Nairobi. Wao wenyewe waliuita Kibra, maana yake msitu. Badala ya pensheni ya maana, mwanajeshi alipewa ruhusa ya kujenga na kulima. Eneo lenyewe likapimwa kuwa ekari 4,197. Ruhusa walipata, hati hawakupata. Hao ndio mababu wa Wanubi wa Makina. Watoto wao, wajukuu wao na vitukuu wakaendelea kuulizwa kama ni Wakenya kweli, mpaka Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ikasema Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi. Hati ya ardhi ya jamii ilikuja 2017, ya ekari 288.

Kwa hivyo hao ndio walikuwa wastaafu wa kwanza kutoka nje kukaa huu mtaa. Waliahidiwa kwa mdomo. Hiyo habari imekaa kwa kichwa yangu tangu nianze kufikiria mathe atazeekea wapi.

Sasa, kwetu kustaafu huwa kunafanyika vipi? Mwenye kazi ya serikali anajua: ni 60, ilipandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Mwenye kazi ya ofisi anakatwa NSSF asilimia 6 na mwajiri anaongeza asilimia 6. Mathe ana waajiri sita na hakuna hata mmoja anayejiona mwajiri. Serikali iko na Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, lakini mpaka ufike miaka 70. Mathe ana 56. NSSF iko na Haba Haba kwa watu wa jua kali, 25 kwa siku. Ni kitu kizuri, na ukiwa na 20 na kitu kama mimi ingia leo. Kwa mathe, 25 kila siku bila kukosa ni 9,125 kwa mwaka. Mpaka afike 70 ni kama 127,000, weka na riba kidogo. Hiyo ni kodi ya miaka miwili na miezi kadhaa.

Kwa hivyo pensheni ya mathe ni mimi. Hakuna mtu aliwahi kuniambia hivyo kwa sauti. Unajua tu, vile unajua jina lako. Ukimaliza Form Four mjomba anakushika bega anasema "sasa mama yako apumzike", na wewe unaitikia kama umepewa medali. Central Bank inasema Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Watu husoma hiyo nambari kama habari ya uchumi. Mimi huona akina mathe wengi sana wakingoja simu ilie.

Plan yangu ilikuwa ile ya kila mtu. Naenda, natuma, najenga nyumba ushago, mathe anarudi Vihiga analima mboga na kufuga kuku, mimi narudi nikiwa nimeomoka. Nilikuwa hata na picha ya nyumba kwa simu, vyumba vitatu, mabati ya rangi ya maroon, varanda. Fundi wa kule alikuwa ameniambia milioni 1.2 na nyumba imesimama.

Mtu wa kwanza niliyempelekea ni Senje, dada ya marehemu baba. Anakaa Gatina, hapa Kawangware, anauza chapo na madondo jioni. Senje alikuwa Riyadh miaka minne akifanya kazi ya nyumba, riyali 900 kwa mwezi, ambazo ukibadilisha leo ni kama 31,000. Nilidhani ataniambia habari za kafala, za kunyang'anywa pasipoti, zile story huwa tunazijua. Hizo alishanipa zamani na hapendi kuzirudia. Safari hii aliniuliza kitu kimoja tu: "Hiyo pesa ni ya nini?"

Nikamwonyesha picha ya nyumba.

Akaitazama muda mrefu akigeuza chapo. Halafu akasema, "Mimi nilijenga kama hiyo."

Naijua hiyo nyumba. Wote tunaijua, ndiyo kubwa zaidi kwa ile boma. Senje alimjengea shosho kwa miaka minne, kila riyali. Mwanzo bei ilikuwa ya kuta na mabati. Baadaye kukawa na choo, tangi la maji, stima, geti, na fundi ambaye mama yake alikuwa anaugua kila mwisho wa mwezi. Shosho akakabidhiwa funguo, kukapigwa vigelegele, mchungaji akaombea. Na shosho akaendelea kulala kwa jikoni yake ya udongo iliyo nyuma. Alisema nyumba kubwa ni baridi, sauti ya mvua kwa mabati inamtisha, na huko nyuma moto uko karibu. Alifariki 2021. Ile nyumba alilala ndani siku akiwa na wageni. Leo iko na magunia ya mahindi na sofa zilizofunikwa plastiki.

"Nikirudi kwa mkataba wa mwisho," Senje akasema, "nilishuka JKIA na 11,000. Nyumba iko. Mimi sina. Niko 46, mwanangu. Mimi nilimstaafisha mama. Nani atanistaafisha mimi?"

Hapo alikuwa ananitazama moja kwa moja, na nikaelewa kwamba sina mtu mmoja kwa hiyo foleni.

Sitaki mtu akatize hii story akisema Senje alikosea. Hakukosea. Alifanya kile ambacho kila mtu alimwambia afanye, na alikifanya vizuri kuliko wanaume wote wa ile boma. Lakini kabla nitoke akaniuliza, "Umemuuliza mama yako?" Nikasema ni sapraizi. Akatingisha kichwa, akanifungia chapo mbili za kupelekea mathe.

Jumapili nikashuka Kibera. Natembeaga: Naivasha Road mpaka Ngong Road, nafuata lami mpaka Adams, nakata Toi Market, Makina, halafu nashuka mpaka Gatwekera. Ni kama saa moja na dakika, lakini njia nzima nilikuwa napanga hotuba.

Mathe alikuwa anachambua kunde. Nikampa chapo, nikampa simu, nikamwambia: nimepata Doha, nitakujengea, utarudi nyumbani upumzike.

Akauliza, "Nyumbani wapi?"

"Ushago."

"Ushago ya nani?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Akaweka kunde kando, na huyu mama ambaye huwa haongei mengi akaongea karibu dakika ishirini. Shamba la baba, baada ya kugawanywa kwa ndugu watano, ni kipande ambacho ukipanda migomba kumi kimejaa. Ukitembelea Vihiga utaelewa, kule watu wamekaa karibu karibu kama mtaa. Tangu baba afariki 2016, mathe amelala kule mara nne, na zote zilikuwa matanga. Marafiki wake wa usichana waliolewa mbali au wamekufa. Hospitali ni pikipiki halafu matatu halafu kungoja. "Hapa nikiumwa na presha usiku," akasema, "mama wa mlango wa pili ananishika mkono, tunafika Mbagathi. Kule nani atanishika? Kuku?"

Ameishi Kibera miaka 31. Kuna mwenye duka anayemwandikia kwa daftari bila kumuuliza. Kuna chama cha akina mama 12, wanakutana kila Alhamisi. Kuna kwaya. Anajua ni bomba gani maji yake hayana harufu. Nikamkumbusha mambo ya choo cha kulipia, ya moto, ya Julai 2018 matingatinga yalipopita Kibera kutafuta nafasi ya barabara na watu wakaamka nyumba na shule ni vifusi. Nikamwambia hapa si petu, hatuna hata karatasi. Akasema, "Na kule karatasi iko na jina la nani?" Nikanyamaza. Jina ni la babu, ambaye alikufa kabla nizaliwe.

Halafu akasema neno ambalo nimelibeba wiki yote. "Ushago nitaenda na sanduku, nilale kando ya baba yako. Hiyo mtanipeleka. Lakini kuzeeka, wacha nizeekee hapa."

Nikamuuliza sasa anataka nini. Hapa ndipo nilichoka kabisa. Alisema hataki kuacha kufua. Anataka kupunguza. Siku mbili kwa wiki, nyumba mbili, zile zenye mashine ya kukamua maji na madam wasio na kelele. Mgongo unamuuma na vidole vinakufa ganzi kwa maji baridi ya Julai, lakini akikaa tu kwa nyumba ya futi kumi kwa kumi kila siku, anasema atakuwa mgonjwa. Anataka chumba chenye sakafu nzuri kisichoingiza maji, SHA yake iwe imelipwa, na akitaka kuchangia harambee ya mtu asiombe ruhusa kwa mtoto. Basi. Maroon hakuna. Varanda hakuna.

Nirudishe hesabu, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilibadilika.

Doha, 1,200 ni kama 42,000 za hapa. Na plan ya zamani: 7,000 zangu za matumizi kule, 12,000 za mathe kila mwezi, zinabaki 23,000 za nyumba. Milioni 1.2 gawa kwa 23,000 ni miezi 52. Hiyo ni mkataba wa kwanza, wa pili, na kipande cha wa tatu, ukiamini bei ya fundi, na Senje ashanifundisha kuhusu bei ya fundi. Muda wote huo mathe bado yuko Kibera akifua siku sita akingoja nyumba asiyoitaka, na mimi nakaribia 30 nikisugua sakafu ya hoteli. Mwisho wa yote nashuka JKIA na 11,000.

Plan ya mathe: kodi ya chumba kizuri 4,500, SHA kiwango cha chini 300 kwa mwezi, chakula, dawa za presha, chama. Nikimtumia 15,000 na yeye akifua siku mbili anapata karibu 7,000, jumla inapita kidogo kile anachopata sasa kwa siku sita. Inaanza mwezi wangu wa kwanza wa mshahara. Si baada ya miaka mitano, mwezi wa kwanza. Na mimi nabaki na 20,000 kwa mwezi, ambayo kwa miezi 24 ni 480,000, zangu.

Kuna wale watasema kama ni 15,000 tu si ubaki utafute hapa. Nimejaribu. Saiba hapa 46 inanilipa 18,000. Hizi video kuna mwezi zinaleta 5,000 na kuna mwezi zinaleta maoni ya watu wanaoniambia ninenepe. Kodi yangu 5,500. Nikimtoa mathe 15,000 hapo, nani atanitumia mimi? Wanaosema "kaeni mjenge nchi" nimeona wengi wako na pasipoti mbili, lakini hiyo ni post ya siku nyingine.

Pesa ya kuenda. Ajenti, medikali, cheti cha tabia njema, vitu vidogo vidogo, ni 60,000. Ajenti nimemwangalia kwa orodha ya National Employment Authority, ako na leseni. Tafadhali fanyeni hivyo kabla mtume hata shilingi moja, ni bure na inachukua dakika tano. Mathe alipoona naondoka akatoa kitambaa, ndani kulikuwa na karatasi ya chama: ameweka 74,000 kwa miaka tisa. Akasema nichukue.

Hebu fikiria hiyo. Pesa pekee ambayo mathe amewahi kuweka ya uzee, anatoa ili mimi niende nikatafute pesa yake ya uzee. Nilikuwa karibu kuichukua, nisidanganye. Mkono ulikuwa umeenda. Lakini nikafikiria: nikifika Doha mambo yaharibike mwezi wa pili, atakuwa amepoteza pensheni mbili siku moja, ile ya kitambaa na ile ya kutembea kwa miguu. Nikakirudisha. Nina 22,000 zangu. Senje amesema ataniongeza 10,000, na hiyo nitairudisha ya kwanza kabisa. Zilizobaki, 28,000, ni bei ya kamera yangu na taa ya kurekodia.

Na hapo kuna jambo linalonihusu mimi na nyinyi. Qatar imebadilisha sheria, lazima tuseme ukweli. Tangu 2020 mfanyakazi anaweza kuhama mwajiri bila kuomba ruhusa yake, na tangu Machi 2021 kuna kima cha chini cha riyali 1,000, na kama mwajiri hakupi nyumba na chakula anaongeza 500 na 300. Hiyo ndiyo maana nilichagua kuuangalia huu mkataba na sio ule mwingine nilioletewa. Lakini pia namjua Malcolm Bidali. Mkenya, alikuwa soja huko Doha, na alikuwa anaandika mtandaoni kwa jina la Noah kuhusu vyumba wanavyolala wafanyakazi na masaa wanayosimama. Mei 2021 akakamatwa, akashikiliwa karibu mwezi mzima, akapigwa faini ya riyali 25,000, Agosti akatoka nchini. Kosa lake lilikuwa kuandika. Mimi kazi yangu hapa ni kuandika na kuropoka mbele ya simu.

Kwa hivyo kuenda ni kunyamaza. Miaka miwili ya video za chakula, ngamia na jua likizama. Mkiniona napost sunset kila siku na sisemi kitu kuhusu kazi, msiulize kwa maoni, nitafuteni kwa upande. Hii ndiyo sehemu inayoniuma, kuliko joto, kuliko kufagia. Nimeiweka kwa mizani na hizo 480,000 na mikono ya mathe kwa maji ya Julai, na bado inauma, lakini mizani imelala upande mmoja.

Nimesema ndiyo. Mkataba mmoja. Nimeandika kwa karatasi miezi 24, Senje akaweka sahihi kama shahidi, na ameniambia nikianza kuongea habari ya mkataba wa pili atanitumia picha ya zile sofa za plastiki. Katika hizo 20,000 za kila mwezi, ya kwanza kabisa inaenda kwa pensheni yangu, juu naona kuna mtoto fulani hajazaliwa ambaye sitaki ashikwe bega na mjomba.

Kuhusu Senje bado sina jibu. Nimemlipia Haba Haba ya mwezi huu, 750. Amenicheka, halafu akaiweka risiti kwa Biblia.

Mathe alianza kuaga manyumba jana. Anabaki na mbili, Jumatatu na Alhamisi asubuhi, ili asikose chama mchana. Lavington amebaki nayo. Anasema mzee ana mashine.

Medikali ni Jumanne. Kamera iko na lenzi moja, betri mbili, taa ina mkwaruzo mdogo hapo kwa mguu lakini inawaka fiti. Ni 28,000, hakuna kupunguza, mnajua ya nini. Ukiwa Kawangware pitia saiba baada ya saa kumi na mbili jioni ujaribu mwenyewe.